Waya Uliomchomolea Rajabu

Kaka Omari,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, si kwa sababu moyo wangu umepoa. Juzi uliandika kwenye kundi la familia, mbele ya shangazi, wajomba na watoto wao, kwamba siku ya harusi yako mimi na mama tulikudhalilisha mbele za watu. Ukaandika hilo moja tu, ukanyamaza. Basi nakujibu hapohapo, wazi, ili waliosoma yako wasome na yangu.

Nitaanza mbali kidogo, maana naona umesahau.

Unakumbuka siku tulipomtoa Rajabu hospitali? Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, alikuwa na miaka kumi na saba. Aliteleza kule Mgeta, kwenye kijia cha juu ya shamba la mama, njia imelowa, tenga la karoti begani, analiwahi lori la Dar lililokuwa linapakia barabarani. Akaumia uti wa mgongo. Tukaambiwa miguu haitarudi, na kukaa asikae muda mrefu, atatoka vidonda. Mimi na wewe tulimbeba mpaka kwenye chumba kile kinachopakana na sebule, hapa nyumbani Mji Mpya, Morogoro, wewe mabegani, mimi miguuni. Ulipomlaza ulikwenda kujifungia bafuni. Nilikusikia ukilia, kaka. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikusikia.

Kabla ya hapo sebule yetu ilikuwa haina nafasi. Mashine ya gemu ilikuwa ya Rajabu, na vijana wa mtaa mzima walikuwa wakija kucheza mpira kwenye TV mpaka mama anawafukuza wakale kwao. Alipolala kitandani, walikuja wiki mbili za kwanza. Walisimama mlangoni mwa chumba kama watu waliokuja msibani, hawajui mikono waiweke wapi. "Pole sana, Rajabu." Kisha wakaanza kupungua, na mwisho akabaki Deo peke yake, naye hakai dakika kumi.

Wewe ndiye uliyesema TV ihamishiwe chumbani. Ulikuwa umeshainama kuichomoa, Rajabu akakuita.

"Usiilete huku, kaka. Ikiwa huku watakuja kuniangalia mimi. Ikiwa sebuleni, watakuja kucheza."

Ukaurudisha waya ulipokuwa. Halafu ukasema, "Basi zitakuwa mbili."

Nakukumbusha ile Jumapili, kwa sababu ndiyo siku niliyojivunia kuwa mdogo wako kuliko siku nyingine yoyote. Ulikuja na kioo cha kompyuta kuukuu kutoka kwenye ile steshenari uliyokuwa ukifanya kazi, na splita, kile kidude cheusi kinachopokea picha kutoka kwenye mashine moja na kuipeleka kwenye vioo viwili. Ukachukua nyundo na tindo ukatoboa ukuta wa sebule. Mama alipiga kelele, vumbi limeingia kwenye mchele, wewe unagonga tu. Mashine ukaiweka palepale kwenye tundu, ili padi ya kuchezea ya Rajabu ishike mawimbi kutoka kitandani na ya wenzake ishike kutoka kwenye kochi. Waya mmoja ukaenda kwenye TV. Wa pili ukapita ukutani mpaka kwenye kioo chake.

TV ikawaka. Kioo cha Rajabu kikabaki cheusi. Ukabadilisha nyaya, kioo kikawaka, TV ikawa inawaka na kuzima. Ukapanda bodaboda kurudi dukani, muuzaji akakwambia splita ni nzima, tatizo unalo wewe. Ulirudi umenuna. Ukakaa sakafuni na simu yako, ukasoma, ukajaribu, ukasoma tena, mpaka ukagundua kwamba splita inapeleka picha ileile pande zote mbili, na kile kioo cha zamani hakiwezi kubeba picha kubwa ya TV. Ukaniita, "Zaituni, njoo uone, siku mimi sipo utafanya wewe." Ukaingia kwenye mipangilio ya mashine, ukapunguza ukubwa wa picha. Vyote viwili vikawaka.

"Kaka! Naona! Naona uwanja mzima!"

Sauti ile ya Rajabu ilitoka kwenye tundu la ukuta, na wewe ukaegemeza paji la uso wako ukutani. Deo alipofika akasimama mlangoni mwa chumba kama kawaida yake, Rajabu akamtimua: "Toka huku, nenda sebuleni ukafungwe!" Alifungwa manne.

Baada ya wiki mbili viatu vilijaa tena mlangoni kwetu. Walikuwa wakitukanana kupitia ukuta mpaka mama anaziba masikio. Na wakati wa mapumziko, bila kuombwa, Deo anaingia chumbani, anamgeuza Rajabu ubavu, anamwekea mto, anarudi kwenye kochi lake. Hakuna tena aliyesema pole. Hiyo ni kazi ya mikono yako, kaka. Nisingethubutu kukunyima sifa hiyo hata leo.

Ndiyo maana nina hasira hivi. Angefanya mtu baki, ningeshasahau.

Ulihamia Dar, ukapata kazi nzuri, tukafurahi. Ukampata Salma, tukafurahi zaidi. Ukapiga simu kwamba wazee wa kwao wanakuja Jumamosi kutufahamu. Mama alichambua mchele tangu Alhamisi. Ijumaa ukafika, ukazunguka sebuleni unatazama kama mkaguzi: pazia, kochi, nyaya. Jumamosi asubuhi uliichomoa mashine ukaitia kabatini. Ukachomoa waya wa TV, ukachomoa waya wa Rajabu, splita ukaitia mfukoni mwa kanzu. Tundu ukaliziba kwa kalenda. Kisha ukaingia chumbani ukamwambia, "Leo utulie kidogo, mdogo wangu. Nina wageni."

"Sawa, kaka. Hongera."

Ukatoka ukafunga mlango kwa ufunguo. Nilikuuliza kwa nini ufunguo. Ukanijibu, "Wale watu wana maswali mengi, Zaituni. Usinianzishie."

Wageni wakaja, watu wazuri, wacheshi. Shangazi yake Salma akakuuliza, kikawaida kabisa, "Na kwenu mmezaliwa wangapi, baba?"

"Tuko wawili, shangazi. Mimi na huyu Zaituni."

Hukubabaika hata kidogo. Mama alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina mpaka ikafurika kwenye kisahani. Na mimi nikanyamaza. Hilo ni langu, sikutwishi wewe. Nilijiambia nisiharibu shughuli, nikapitisha sahani za kaimati nikitabasamu, na aibu ya tabasamu lile ninayo mpaka leo. Lakini kalenda ni karatasi, Omari. Tundu ulilotoboa ili Rajabu atusikie liliendelea kufanya kazi yake. Alilisikia neno lako kama tulivyolisikia sisi.

Mliondoka na wageni saa kumi alasiri. Ufunguo nilioutafuta nyumba nzima niliukuta juu ya kabati. Tangu saa nne asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amemgeuza. Shuka lilikuwa limelowa, na kile kidonda cha nyongani, kilichotuchukua miezi kukiponya, kilikuwa kimefunguka.

"Kwa nini hukuita?" nilimuuliza nikilia.

"Kaka aliniambia nitulie."

Nikamwosha, nikambadilisha. Yeye macho yake yako kwenye kile kioo cheusi. Halafu akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Dada, kwani mimi nimekufa lini?"

Nilikupigia mkiwa njiani. Sikukwambia hayo, nilishindwa. Nilisema tu umeondoka na splita. Ukasema utaituma. Hukuituma.

Nilikwenda kutafuta nyingine mwenyewe. Nilipoifunga, TV ikawaka na kioo cha Rajabu kikabaki cheusi, kama siku ile. Nikaingia kwenye mipangilio ulikonionyesha wewe, nikapunguza picha, ikakubali. Nilitamani sana isiwe wewe uliyenifundisha.

Sasa tuje kwenye hiyo harusi. Mshereheshaji alisoma karatasi uliyoiandika wewe: bwana harusi ni mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mimi nilikuwa nimekaa na mama. Rajabu tulimwacha na Deo, ambaye aliacha kuja kula pilau yako ili amgeuze ndugu yako. Mama alinyanyuka. Unamjua mama, hata mkutano wa mtaa hasemi. Alikwenda mpaka mbele, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, hebu nipe hicho kipaza sauti."

Akasema, na nayaandika kama alivyoyasema ili wasiokuwepo wayajue: "Mimi ndiye mama wa bwana harusi. Hapo pamesomwa vibaya. Watoto wangu ni watatu. Wa mwisho anaitwa Rajabu, yuko nyumbani Morogoro, hawezi kusafiri. Anawatakia maharusi heri." Akarudisha kipaza sauti, akashukuru, akaja kukaa. Akanishika mkono.

Hicho ndicho unachokiita kudhalilishwa. Mama hakukusema. Hakutaja kalenda wala ufunguo. Alihesabu watoto aliowazaa, basi. Kama hesabu hiyo ilikudhalilisha, jiulize nani aliiharibu mwanzo. Na uniambie, mwanamume mzima, uliogopa nini? Kwamba wataona miguu ya Rajabu watakunyima mke? Ulimfungia mdogo wako kama mtu anayeficha ndoo ya maji machafu, na hujawahi kuuliza hata siku moja aliamkaje.

Mkeo alikuja kuuliza. Alitupigia kwanza, akaomba ruhusa, na wewe ulimsindikiza mpaka kwenye basi ukarudi zako. Nilimpokea stendi ya Msamvu. Alipofika nyumbani alimsalimia Rajabu chumbani, akamuuliza anapenda akae wapi. Rajabu akamwambia, "Sebuleni, shemeji. Shika padi." Salma hakuwa amewahi kushika padi maishani mwake. Dakika ya tatu ukuta ukapasuka kwa kicheko: "Shemeji! Unajifunga! Goli lako ni lile jingine!" Alifungwa mengi, na mengine akajifunga mwenyewe, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Alipoaga alimwambia Rajabu, "Tulipouliza mko wangapi, tulidanganywa. Samahani." Yeye, ambaye hakukosa kitu, ndiye aliyeomba samahani.

Nimemwambia Salma asikubebee msamaha wako. Mimi pia sitaubeba, na mama umwache apumzike. Usitume kitu, usitume mtu, usituandikie kwenye kundi kwamba yaishe. Ulichokisema ulikisema kwa mdomo wako, na aliyekisikia yupo.

Mimi ya kwangu nilishamwambia Rajabu, kwamba nilinyamaza na ninajuta. Aliniangalia, akasema, "Najua. Ulikuwa unaogopa mama asije akaaibika." Akanisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Sijui kama na wewe atakusamehe haraka hivyo. Sijamuuliza, na sina haki ya kumuuliza.

Nilipomsomea barua hii alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama kuna la kuongeza. Akafikiri. "Usimbembeleze aje," akasema. "Mwambie tu, siku akija asiingie moja kwa moja. Abishe hodi, angoje nimjibu."

Msalimie Salma. Afya yako iwe njema.

Mdogo wako, na dada yake Rajabu,
Zaituni