Robo Inchi Juu ya Futi Sita

Purvis na Wana, Huduma za Mazishi
Harlan Bend, Mississippi
Jumapili, 14 Aprili 2019

Mdogo wangu mpendwa Verlene,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo unaokusumbua kila utokapo zamu ya hospitali umekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Shangazi Odessa ana mkongojo mpya na anaendelea kugombana na kila mtu, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi naye. Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Viganja vyangu vyote viwili vimevimba, na sababu yake utaiona huko mbele. Ningekupigia simu, lakini umenikatia mara tatu, na mara ya nne ukaniambia nikakae na maiti zangu. Sikulaumu, Verlene. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Swali lako lilikuwa moja tu: nimemfanya nini mwanao. Nitakujibu, ila niruhusu nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho utaichana hii karatasi.

Unakumbuka Dashun alivyokuja kwangu baada ya Krismasi kufanya mazoezi ya futiboli ya Marekani. Kila Jumapili baada ya ibada habari ilikuwa ni yeye, na si mkono wake wa kurushia mpira, maana mkono hakuna aliyeubishia. Habari ilikuwa kimo. Futi tano, inchi kumi na nusu. Shemasi Wardell alisimama mlangoni mwa kanisa akatangaza kwamba kijana ni mzuri sana, ila Mungu alipofika miguuni udongo ulimwishia. Shangazi Odessa akamuuliza kwamba na yeye Wardell, Mungu alipofika kichwani, ni nini kilichomwishia. Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia. Wengine walisema mpira haurushwi kwa miguu, unarushwa kwa mkono na akili. Wengine wakasema kwotabeki, yaani mrushaji wa timu, ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua aende nao wapi, sasa ataamua nini ikiwa mbele yake yamesimama majitu matano na yeye anaona migongo tu?

Nimewapima watu wa mji huu kwa miaka thelathini, wafupi kwa warefu, wakiwa wametulia kabisa, na sijaona kwamba futi zilimsaidia yeyote. Lakini mwanao alikuwa hacheki. Kuna skauti, mtafuta vipaji wa timu kubwa, aliyemwambia pale chuoni kwamba mkono anao, miguu anayo, kichwa anacho, basi aongeze inchi moja na nusu ndipo wazungumze. Alisema hivyo kana kwamba inchi zinauzwa dukani kwa Pettway. Tangu siku hiyo kijana alining'inia kwenye bomba la gereji kila asubuhi mpaka mabega yakamchubuka. Aliniambia, "Anko, wakinikataa kwa sababu siwezi, nitalala usingizi. Wakinikataa kwa sababu ya hii" (akaonyesha mwanya kati ya dole gumba na kidole cha shahada) "sijui nitakaaje duniani."

Ndipo ikaja ile safari ya Mobile, kwenye mechi ya wateule wa vyuo, ambako wachezaji hupimwa mbele ya timu kubwa kabla hata ya kugusa mpira. Kocha wake alimshauri asisimame wala asikae kabla ya kipimo, kwa sababu mtu akiamka ni mrefu, na kadiri anavyosimama uti wa mgongo unashuka. Wote wafupi hufanya hivyo. Wenzake hulala kwenye viti vya nyuma vya magari ya baba zao, magoti yamekunjwa. Dashun akanitazama, mimi nikatazama gereji, na tukacheka kwa pamoja. Nani mwenye gari la kulaza mtu kama mimi?

Kwa hiyo ndiyo, Verlene, ni kweli ulivyosikia. Nilimpeleka mwanao Mobile kwenye gari la maiti. Alitolewa kitandani akiwa amelala, mimi nimeshika mabega, fundi wangu Cleophus ameshika miguu, tukamtelezesha juu ya roli za sakafu ya gari kama tunavyotelezesha jeneza, juu ya ule mfarishi wa mama. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka Jackson alikuwa anapiga domo tu. Unajua desturi ya huku: magari yaliegeshwa kando kutupisha, wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja alishuka kwenye trekta akainamisha kichwa. Dashun alichungulia kwenye pazia akampungia mkono, na yule mzee nusura aanguke shimoni. Tulicheka mpaka machozi yakanitoka.

Baada ya Hattiesburg akanyamaza. Nilidhani amesinzia. Kisha nikamsikia anahesabu, zile namba ambazo kwotabeki huzipaza kabla ya kuomba mpira, ila alizitoa taratibu, kwa sauti nzito iliyotoka chini ya kifua. Nikamuuliza kama anafanya mazoezi. Nikatazama kioo, nikaona nyayo zake tu, na ningeapa zilikuwa karibu zaidi na mlango wa nyuma kuliko tulipoondoka. Joto la gari lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho, lakini shingo yangu ilikuwa baridi.

Tulipofika nikafungua mlango wa nyuma naye akatoka, miguu kwanza. Hatua nne za mwanzo alichechemea mguu wa kushoto. Ukumbini waliwasimamisha jukwaani mmoja mmoja wakiwa na chupi tu, mbele ya wanaume mia mbili wenye kalamu, na mtu anasoma kwa sauti: kimo, uzito, kiganja. Nilikaa nyuma kabisa na moyo haukunikaa sawa kwa sababu ambazo kitukuu wa watumwa hahitaji kuandikiwa. Alipofika Dashun, mpimaji alisoma, akampima tena. Futi sita na robo inchi.

Ukumbi mzima ulisikika ukiandika. Nami nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilitoka nje nikaenda kukaa garini, na utajua kwa nini.

Mengine uliyaona mwenyewe alipokuja kwako Memphis. Ulinieleza kwenye simu kabla hujaanza kunikatia: kwamba mtoto ambaye tangu kuzaliwa hawezi hata kunusa mtindi, alijaza glasi, akavunjavunja mkate wa mahindi ndani yake, akala kwa kijiko akiwa amesimama dirishani. Kwamba alikaa kitini akanyoosha mguu wa kushoto akauminya goti, wakati goti lake halijawahi kuumia. Kwamba alipokuaga alikuita Nyigu. Nilipolisikia jina hilo nilikaa chini. Hakuna aliyekuita hivyo tangu tulipomzika baba, na Dashun hakuwahi kulisikia. Baba alikuwa akikunong'oneza tu.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo tulilisikia mara moja tu maishani, na lilitoka kwa mama. Mwaka 1968 timu moja ya kaskazini ilimchukua baba. Alikuwa kwotabeki aliyemshinda kila mtu kusini hii, na kimo anacho, kile kile wanachokitaka. Walimpima, wakamsifu, halafu wakamwambia kwamba mtu kama yeye angefaa zaidi kuudaka mpira kuliko kuurusha. Wote mle chumbani, ambamo mweusi alikuwa baba peke yake, walijua "mtu kama yeye" maana yake nini, na haikuwa kimo. Baba akavua kofia, akaiweka kifuani, akasema, "Ndiyo, bwana." Alidaka mipira yao miezi mitatu, goti likapasuka, akarudi hapa kuzika watu. Ndiyo maana kila Jumapili mechi zikianza alikuwa anatoka kuosha gari la maiti, hata likiwa safi. Sisi tulidhani anapenda gari.

Jumatano iliyopita walikuja watu wawili wa timu moja, nayo pia ya kaskazini, kumtazama Dashun kwenye uwanja wa shule. Mkubwa wao ana miaka hamsini hivi. Walimpima tena: futi sita na robo. Akarusha mipira sitini, na Verlene, sijawahi kuona kitu kama kile. Hakukosa hata mitatu. Nilikuwa nimeshika uzio, nikajisemea kwamba imekwisha, amepata. Yule mkubwa akafunga daftari lake akamwita. Akamwambia kazi nzuri sana, na kwamba kwa miguu ile na kimo kile wangependa kumchukua, hakika kabisa, ila awe mpokeaji, mtu wa kudaka. Kwa ukwotabeki wanaona kiganja chake ni kidogo kidogo.

Niliona mwanao akivua kofia. Akaiweka kifuani. Upepo ulikuwa unavuma na nyasi zote zimelala, lakini suruali yake haikutikisika. Nilijua neno linalofuata, nikafumba macho nisimwone akilisema.

"Hapana, bwana," akasema. Ilikuwa sauti ya baba, Verlene, ile ya mezani. "Mimi ni kwotabeki. Nilikuwa kwotabeki kabla wewe hujazaliwa."

Yule mtu alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Hawakuaga. Gari lao lilitoka huku mlango mmoja bado uko wazi. Dashun akakaa kwenye nyasi, akaomba maji, akaniuliza, "Anko, wamesemaje?" Hakukumbuka chochote tangu mpira wa kwanza. Tulipofika nyumbani nilimsimamisha ukutani nikampima kwa futi ya chuma ya Cleophus. Futi tano, inchi kumi na nusu.

Uliniuliza nimemfanya nini mwanao. Ni hivi. Unaijua ile futikamba ya kitambaa ya baba, na unajua alichokuwa akisema: iliyompima maiti isimguse aliye hai. Asubuhi ile ya safari, Cleophus alipoingia ndani kuchukua kahawa, niliitandaza kando ya Dashun kutoka kisigino hadi utosini. Alikuwa amefumba macho, hakujua. Hakufika futi sita. Hata akilala, bado hakufika. Nilimwonea huruma mpaka nikapata hasira, nikasema kwa sauti, mle garini, "Baba, wewe ulikuwa na kimo, hakikukusaidia. Mwachie huyu." Maneno hayo tu. Mtu wa mwisho niliyempima kwa futikamba ile kabla ya mwanao alikuwa baba mwenyewe, mwaka 2011, kwa mikono yangu hii. Futi sita na robo inchi. Ndiyo maana nilitoka ukumbini pale Mobile.

Nilitaka kimo tu, mdogo wangu. Sikujua kwamba kitakuja na mwenyewe.

Usiku huo sikula. Nimemnyang'anya kijana kazi aliyoililia tangu ana miaka saba, kwa kumleta mtu aliyekuwa na neno lake la kusema. Asubuhi nilimkalisha jikoni nikamweleza yote, futikamba, baba, na jibu lililotoka kinywani mwake. Nilitarajia anipige. Aliangalia viganja vyake. Kisha akaniuliza kama ofa ilikuwa ya kweli. Nikamwambia ilikuwa ya kweli. Akasema polepole, "Anko, mimi ningewaambia ndiyo, bwana."

Akalia, nami nikalia, na Shangazi Odessa alipoingia kutugombeza akakaa naye akalia bila kuuliza.

Tangu siku hiyo anakula vizuri, na mtindi ameukataa kwa matusi. Futikamba nimeizika miguuni pa baba. Siku ya uteuzi, timu kubwa zinapochagua wachezaji wapya, ni Alhamisi ya tarehe 25, na sijui kama kuna atakayepiga simu. Dashun anasema akipiga mtu, amwite kwotabeki au akate simu. Nilimuuliza hayo ni maneno ya nani. Akanitazama kwa macho yake mwenyewe, akasema ni yake, amejifunza. Kila asubuhi ananitoa uwanjani nimdakie, mzee wa miaka hamsini na miwili, na anarusha akiwa na kimo chake kile kile, mipira inakuja kama mawe. Hiyo ndiyo sababu ya mwandiko huu.

Atakuja kwako Jumamosi kwa basi, amekaa kitini kama watu wengine. Nakuomba usimpime hata kwa macho. Mpikie ule samaki wake. Ukiweza kunisamehe, nipigie, usipoweza, nitaelewa. Shangazi Odessa anakusalimu, Cleophus anakusalimu, kanisa zima wanakuulizia.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,

Roosevelt