Maharage ya Mama kwa Bwana Usingizi

Kaka Deo,

Mama ametuma tena maharage kwa yule mtu aliyekutia usingizi siku ya upasuaji. Nimeyabeba mimi kutoka kambini Juru mpaka hospitali ya Mbarara nikampa mkononi. Akang'ata moja kuona kama yamekauka. Bwana Usingizi, ndivyo tunavyomwita sisi tunaojifunza kwake kazi hiyo ya kutia usingizi, na ni jina la heshima kuliko anavyostahili.

Kila mavuno Mama husema, “Ule mutu alimulalisha mutoto wangu muzuri, hakusikia maumivu.” Nami nilikuwa nikiitikia, mpaka juzi.

Juzi Bwana Usingizi alikuwa akitufundisha, kikombe cha chai mkononi kama kawaida yake, hata chumba cha upasuaji huingia nacho. Akakutoa wewe kama mfano mbele yangu, kwa majivuno: mkimbizi aliyeanguka na baiskeli akapasuka fuvu, alivyorusha miguu mezani, na yeye akafungulia halotheni, ile gesi ya usingizi, mpaka mwisho, mgonjwa akatulia. “Mutu nalala, damu yake pia nalala,” akasema. Eti mtaalamu huyo.

Damu hailali, Kaka. Ile gesi hupanua mishipa ya ubongo, damu ikaingia kwa wingi. Aliye mzima kichwani huvumilia. Wewe fuvu lilikuwa limeshajaa damu iliyovuja, ubongo ukavimba ukakosa pa kwenda. Naye alikuacha upumue mwenyewe, kidogo kidogo, hewa chafu ikabaki mwilini, mishipa ikazidi kupanuka. Alitakiwa apunguze gesi, aminye mfuko wa hewa akupumulishe kwa mkono. Lakini mkono wa bwana mkubwa una kazi ya kushika kikombe.

Nakukumbuka ukinipakia nyuma ya baiskeli kwenda Kabazana, ukiimba vibaya makusudi ili nicheke. Halafu naukumbuka ule uso wa Bwana Usingizi ulioshiba.

Ningeweza kunyamaza. Faraja ya Mama ni hiyo tu, kwamba kabla ya kufa ulilala vizuri. Lakini nimemwona akichambua maharage, yale mazuri anamwekea mzembe yule, yaliyotobolewa na wadudu tunapika sisi. Siwezi kuyabeba tena.

Jumamosi nakwenda Juru. Kwa heri, Kaka yangu. Nakuahidi Mama atajua, na akianza kukulilia upya, nitakuwa nimemshika.

Mdogo wako,
Espérance