Moto Wote Ule Ulikwenda Wapi

Mama Solange, mke wangu,

Leo nimechemsha viazi mwenyewe. Nimesimama mbele ya sufuria mpaka mvuke ukafunika miwani, nikashindwa kuondoka pale, maana nilikumbuka siku niliyoleta kipimajoto cha shule jikoni kwako.

Nilitaka kukuonyesha kwamba unapoteza makaa. Maji yalipochemka, kipimo kilisimama kwenye tisini na tano. Hapa Gisenyi tuko juu, hewa ni nyepesi, maji hayangoji kufika mia. Wewe ukaongeza makaa kwa makusudi. Maji yakatokota, yakarusha kifuniko, lakini kipimo hakikusogea. Ukacheka kile kicheko chako cha Goma: "Mwalimu, sasa moto yangu yote inaenda wapi?"

Miaka yote niliyofundisha fizikia, hakuna mwanafunzi aliyeniuliza vizuri hivyo. Nikakueleza kwamba moto haupotei. Unafanya kazi ya kuziachanisha chembe za maji mpaka yawe mvuke, na kazi hiyo kipimajoto hakiioni. Ukikitazama chenyewe tu utadhani hakuna kinachotokea, kumbe sufuria inakauka. Nilieleza mpaka viazi vikapondeka. "Bon," ukasema, "sasa kula supu yako."

Niliyajua hayo yote, mke wangu. Ndiyo maana siwezi kujisamehe.

Ulipoanza kuketi katikati ya kufagia, nilichukua daftari. Kila asubuhi nilikuwekea kipimajoto kwapani nikaandika. Thelathini na sita na nusu. Kesho yake vilevile. "Niko sawa," ulisema, nami nikawaambia majirani kwa furaha kwamba hujabadilika. Siku daktari aliponiambia ugonjwa ulikuwa ndani muda mrefu, nilimfungulia lile daftari. Alisoma kurasa mbili, akalifunga polepole, akanirudishia.

Baada ya matanga, binti yetu Solange alinieleza kwamba yeye alijua. Alijua maumivu yako tangu mwanzo. Ulimkataza: "Usiambie Mwalimu. Ataanza kunieleza ugonjwa yangu, na mi nimechoka."

Wiki nzima niliwakasirikia wote wawili. Ndiyo, hata wewe, kaburini. Kisha nikakumbuka zile jioni ulizonigongea kiti: "Kaa hapa kidogo." Nilikaa, kweli. Nikakueleza kwa nini ukungu unatoka ziwani. Nikakueleza kwa nini kule juu Bugeshi kuna baridi. Ulikuwa unanitazama tu, na mimi... Mungu wangu, nilidhani unasikiliza.

Jumapili Solange alikuja kutoka Mahoko. Amekonda. Alikuwa anamenya viazi, mara akaweka kisu chini, akabaki anautazama ukuta. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana, Papa. Ni uchovu tu."

Tayari nilikuwa na maelezo mdomoni. Usingizi, damu, chakula; unanijua. Nikayameza. Nikachukua kisu kingine, nikaketi karibu naye, nikaanza kumenya, vibaya mno, nusu ya kiazi inaondoka na ganda. Tulifika kiazi cha nne, labda cha tano, ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Papa, kama ningekuambia mapema, Mama angekuwa hai?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa linammaliza mtoto wetu, na kila nilipompigia simu aliniambia yuko salama. Umri wangu wote, swali likiulizwa mbele yangu, lazima nilijibu. Safari hii nilisema, "Sijui, mwanangu." Nikamwambia pia kwamba hakukosa alipokutii. Alilia akiwa ameniegemea mpaka shati likalowa begani, nami nikalia, na viazi vikakaa ndani ya maji bila kupikwa. Alilala hapa siku mbili. Alipoondoka alikuwa amekula.

Sijui kama unaweza kunisamehe kwa zile jioni. Siombi unijibu. Nakuahidi jambo moja tu: Solange akija, nitaketi naye nikae kimya mpaka aseme la mwisho, hata kama kulisema kutamchukua mwaka mzima. Wewe sikukupa hilo. Yeye nitampa.

Pumzika, mke wangu. Hakuna atakayekupima tena.

Mume wako,
Mwalimu