Wanasema dada yangu kiziwi amemfunga mwanangu ulimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ambayo mume wangu Djibril amesema atampeleka mdogo wangu Ghanima akakae kwa mjomba wetu kule Kajaga, na mimi sina nguvu tena za kubishana na mtu katika nyumba hii, nimechoka, vita vimetuchosha sote. Ghanima ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, tumekua tukizungumza kwa mikono, ishara zetu wenyewe za nyumbani, na mwanangu Rayan alipozaliwa hapa Bwiza ni yeye aliyekuwa akibaki naye mimi nikienda sokoni kuuza vitenge, basi hata kabla hajajua kusimama mtoto alikuwa anafumba na kufumbua ngumi kuomba ziwa, anagusa mdomo kwa kidole gumba kuomba maji, nasi tunacheka kwa furaha.

Halafu mapigano yakaingia mpaka mtaani kwetu. Siku za ville morte, mji umefungwa na hakuna wa kutoka, tulijifungia familia tatu katika ukumbi mmoja, tumelala chini sakafuni, na mtoto wa jirani yetu Daphrose akilia watu wanamtazama mama yake kwa macho mabaya, lakini Rayan wangu aliomba kwa mikono kimya kimya na wote wakanisifu, nikajiona nina bahati, ikawa kila akitoa sauti, hata ile ba-ba-ba ya mchezo, namfunika mdomo kwa kiganja, na akitumia mikono namlambisha sukari, nikaendelea hivyo hata siku za utulivu kwa sababu nani ajuaye utulivu utafika saa ngapi.

Sasa ana mwaka mmoja na miezi kumi, na hajasema neno. Anasikia, mlango ukigongwa anageuka, lakini akilia anajifunika mdomo mwenyewe. Mama mkwe wangu, Bi Mwantum, amesema mbele ya watu, "Mutoto mukubwa hivi hata 'mama' hasemi? Ni ile mikono ya dada yako imemufunga ulimi. Mi sitaki bubu wa pili mu nyumba hii." Djibril alijaribu, "Apana, mama, tungoje kidogo," lakini mwishowe amekubali. Ghanima ametusoma midomo, ameelewa, na tangu jana anaificha mikono yake ndani ya kitenge ili mtoto asiione. Nimkataze Rayan ishara? Nimwache dada yangu aende?

Mama Rayan, Bwiza

Jibu la Bi Khadidja

Mama Rayan, pole. Pole ya kweli, kwa sababu kulala sakafuni na mtoto mchanga, risasi zikipita juu ya mabati, si jambo la mtu kukuhukumu akiwa kitini kwake. Sasa pole imekwisha, nisikilize.

Umeandika barua nzima juu ya mikono ya dada yako, na mstari mmoja juu ya kiganja chako. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Ishara hazimfungi mtoto ulimi. Mtaani kwangu yuko fundi viatu Hamimu, kiziwi, na mkewe kiziwi, na watoto wao wanne wanaosikia waliomba uji kwa mikono kabla ya kutembea. Leo wanabishana kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa mpaka sisi majirani tunaomba huruma. Mtoto huanza na mkono, ulimi ukiwa tayari anatumia vyote viwili. Wako kila alipojaribu ulimi alikuta mkono wa mama umetangulia, akajifunza kwamba sauti yake ni hatari.

Sikulaumu kwa siku zile. Risasi zikilia, mama gani hatamfunika mwanawe? Lakini zikinyamaza unatoa mkono, na wewe hukuutoa.

Mpeleke hospitali wamwangalie masikio, hata kama unajua anasikia, upate cha kumwambia mama mkwe. Ishara usimnyang'anye hata moja. Kila akifumba ngumi, mtazame usoni umwambie kwa sauti, "ziwa," kisha mpe, usimngojeshe. Mchana, mtaa ukiwa shwari, mpe sufuria na mwiko apige, na wewe imba, hata kama huna sauti. Akijifunika mdomo, ushushe mkono wake taratibu uubusu. Sukari tia kwenye chai. Itachukua miezi, kwa hiyo usiniandikie wiki ijayo kwamba hajasema.

Na Ijumaa usiingoje. Leo hii, mbele ya mume wako na Bi Mwantum, sema kwa heshima lakini bila kuzunguka, "Mama, ni mimi nilimunyamazisha." Utaona aibu. Aibu hiyo ni yako, na umemwachia aibebe mtu asiyeweza kujitetea. Ghanima hajawahi kusikia kelele ya mwanao hata siku moja. Katika nyumba yenu nzima, ni yeye peke yake ambaye hakumwambia anyamaze.