Nyumba ya Mbele Inatusogelea

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimeipa roshani mgongo, kwa sababu nikiitazama siandiki, na ninakuomba uniamulie jambo ambalo mume wangu, Wagdi, anasema halihitaji kuamuliwa. Tunakaa ghorofa ya tano katika jengo jipya hapa Iskandaria, mtaa sitautaja maana gazeti lenu linasomwa kwa sauti mkahawani kwetu, jengo lina marumaru mlangoni na lifti ambayo haijawahi kupanda, na mbele yetu, ng'ambo ya kichochoro, ipo nyumba ya zamani iliyojengwa na Wataliano, rangi imebambuka na madirisha ya mbao yananing'inia, na ghorofa ya juu, uso kwa uso na sisi, anakaa Bibi Inayat, mjane, peke yake, kwa kodi ya zamani ambayo akiipoteza hatapata chumba kingine katika mji huu hata cha kufugia kuku, na yeye ndiye aliyenilelea mapacha wangu nilipougua baada ya kujifungua, kwa hiyo kwangu si jirani, ni shangazi.

Ustadha, nyumba yake inatusogelea.

Najua utasema huyu mwanamke amechoshwa na watoto, lakini nisikilize, tulipohamia hapa nilikuwa nikitaka kumsalimia napaza sauti mpaka watu wa chini wanainua vichwa, na leo namsikia akikoroga sukari kikombeni, naona sunzua iliyo kidevuni kwake, najua amepika nini kabla hajafunua chungu. Idi iliyopita alinyoosha mkono kutoka kwenye roshani yake nami nikanyoosha wangu, akanipa sahani ya biskuti mkono kwa mkono, juu ya kichochoro, na tukacheka sana kwa kuwa jambo hilo halijawahi kutokea, kisha nikaona amekoma kucheka kabla yangu, hanitazami usoni, anatazama juu ya kichwa changu, juu kabisa, mdomo wazi, kama mtu anayefuata kishada kilichokatika uzi.

Na tangu nyumba ile ianze kusogea, kwetu mambo hayako sawa. Hajjat Tafida, mama mkwe wangu, anasema nyumba imeingiliwa na wenyewe, majini, nami sijui niseme nini, maana mlango wa chumba cha kulala ukiufunga unafunguka taratibu kama kuna mtu anachungulia, nyanya nikiziweka mezani zinajiviringisha moja moja mpaka ukutani upande wa roshani, na maji yakimwagika sebuleni hayatawanyiki, yanajikusanya na kwenda huko huko. Mchana, watu wakiwa wamelala baada ya chakula, nasikia ndani ya ukuta kitu kama mtu anayetafuna mkate mkavu, anatafuna, anaacha, anaanza tena. Vumbi jeupe linatua kwenye sahani hata nikizifunika. Kila Ijumaa tunafukiza ubani vyumba vyote na kusoma, na siku hiyo napata moyo, lakini Jumamosi nyanya zinaondoka tena.

Hata kikapu cha Hajjat kimeingia wazimu. Yeye hashuki ngazi kwa ajili ya magoti yake, anashusha kikapu kwa kamba kwa Ami Bishara mwenye duka chini ya jengo letu, na miaka yote kikapu kilikuwa kinatua kwenye kizingiti cha duka, Ami Bishara anatia mikate bila kuinuka kwenye kigoda chake. Siku hizi kinashuka mbali na duka, kila wakati mbali zaidi, mpaka mzee wa watu inabidi atoke akifuate barabarani kati ya pikipiki. Juzi akapaza sauti kutoka chini, "Hajjat, kikapu chako kimeota miguu, kesho kitakwenda kununua kwa mwenzangu." Hajjat akamjibu, "Inuka utembee, Bishara, nyama yako imeshaota kwenye hicho kigoda." Watu wakacheka. Lakini alipoingia ndani hakuwa anacheka, akaniambia kwamba kikapu cha Inayat kinatua pale pale kilipokuwa kinatua siku zote, kando ya viti vya mkahawa, hakijasogea hata kidogo, na hiyo kwake ni dalili kwamba yule mwanamke ametufanyia jambo.

Mimi siamini. Ila kuna siku, nilipokuwa naanika nguo, Bibi Inayat aliniita kwa sauti ndogo akaniuliza, "Mapacha wanalala chumba gani?" Nikamwambia cha mbele, cha barabarani. Akasema, "Wahamishie nyuma, mwanangu." Nikamuuliza kama kelele zao zinamsumbua. Akasema, "Hapana. Wahamishie tu." Kisha akafunga madirisha yake, na tangu siku hiyo hajayafungua upande wetu. Mapacha wenyewe wameniogopesha, tulipokwenda Damanhur kwa mama yangu walikataa kukimbia uani, walikuwa wanatembea wameegemea upande mmoja, wakalia kwamba nyumba ya bibi yao imepinda.

Sasa Hajj Disuqi, mwenye jengo letu, amekuja. Alipanda ngazi kwa miguu, akaketi, nikampa chai, akaanza kunieleza kwamba nyumba ile ya kale itatuangukia na kutuua sote, na kwamba yeye anahangaika ofisi ya mtaa wapate kuiondoa, lakini wanataka shahidi, na hakuna shahidi kama mimi niliyeishi nayo uso kwa uso. Alipokuwa anaongea, glasi yake ya chai ikaanza kuteleza mezani kuelekea roshani, naye akaidaka bila kuitazama, akaendelea kuongea. Ameahidi pia kwamba lifti itapanda. Anataka twende naye Jumapili asubuhi.

Nikienda, Bibi Inayat atatolewa na vyombo vyake barabarani, na atajua ni mimi. Nisipokwenda, nyumba yake itafika kwetu. Wagdi ameniambia, "Huruma yako hiyo ndiyo itakayotuzika," na tangu hapo hatuongei ila mbele ya watoto. Nifanyeje, ustadha? Niende Jumapili?

Mimi,
Mama wa mapacha, Iskandaria

*

Mama wa mapacha,

Wabebe watoto, mshike Hajjat mkono, mshuke ngazi. Usikunje nguo, usirudi kuzima jiko halafu ukakumbuka mazulia. Mengine haya utayasoma ukiwa nje, mbali na kichochoro hicho.

Nyumba ya mbele haijasogea. Iliyosogea ni yenu.

Barua yako niliianza nimeketi na kuimaliza nimesimama, na sijui nikukumbatie au nikutikise. Umeniandikia kila kitu. Umeona kila kitu kwa macho yako mwenyewe, ukakiandika kwa mpangilio mzuri kuliko wahandisi wengi ninaowafahamu, kisha ukauliza swali la nyumba nyingine. Kamba yenye kikapu inaning'inia wima, mama. Haivutwi na jirani, haivutwi na jini. Kikapu cha Inayat kinatua pale pale kwa sababu roshani yake iko pale pale. Chenu kinatua barabarani kwa sababu roshani yenu sasa iko juu ya barabara. Nyanya zinakwenda huko, maji yanakwenda huko, mlango unafungukia huko, na watoto wako wamejifunza kutembea katika nyumba iliyoinama mpaka ardhi ya Damanhur imekuwa ngeni kwao. Na kile kinachotafuna ukutani mchana, sitaki ukisikilize tena hata mara moja.

Hajjat simkatazi ubani wake. Afukize. Lakini akafukizie kwa mama yako Damanhur, kwa binamu, uani, popote palipo na sakafu iliyo sawa. Akikataa kushuka kwa ajili ya magoti, abebwe kwenye kiti na wanaume wa mkahawani, na akitukana njiani mwache atukane, matusi ya mtu mzima aliye hai ni mazuri kusikia.

Na Inayat! Umekaa ukijiuliza kama amekuroga. Yule mama alitazama juu ya kichwa chako siku ya Idi akaona jengo zima linamjia, ghorofa juu ya ghorofa, na wewe umesimama mbele yake unacheka na sahani ya biskuti. Unadhani ni rahisi kumwambia mtu kwamba nyumba anayolala inakufa? Kwetu hatusemi hivyo mlangoni mwa mtu, tunaona ni kama kumwombea kifo. Akakwambia kwa adabu ya watu wa zamani: wahamishie watoto nyuma. Adabu hiyo nailaumu, angepaza sauti mtaa mzima usikie. Lakini alisema. Wewe ukasikia malalamiko ya kelele. Kisha akafunga madirisha, kwa sababu hakuweza kuendelea kuitazama.

Mumeo nitamwachia neno moja tu, maana naye ni mtu mwoga kama sisi sote: Bwana Wagdi, hukukosea kuogopa, ulikosea upande.

Sasa huyu Hajj. Nimeandika habari za watu wa aina yake katika gazeti hili mpaka mhariri wangu ameniomba nibadilishe mada, nizungumzie ndoa. Haya, nazungumzia ndoa: ndoa ya mwenye saruji na mwenye muhuri. Mmoja anapewa ruhusa ya ghorofa chache, anaotesha nyingine juu yake kama uyoga. Mwingine anapita chini akiwa ameinamisha kichwa, si kwa aibu, ni ili asihesabu. Na sisi wapangaji na wanunuzi tunafanya nini? Tunasifu marumaru. Nyumba iliyobambuka rangi tunaiita hatari, na inayong'aa tunaiita salama, kana kwamba udongo wa mji huu unatazama rangi. Sikatai kwamba nyumba za kale zinaanguka. Zinaanguka, na zinaua. Lakini hii ya mbele yako, kwa ushahidi wako mwenyewe, imesimama wima ikitazama ya jirani inavyokuja.

Na Hajj Disuqi anajua. Rudia kusoma ulichoandika. Glasi iliteleza, naye akaidaka bila kuitazama. Mgeni angeshtuka, angecheka, angeuliza meza hii ina nini. Yeye alikuwa anaingojea. Mtu huyo ameketi katika nyumba nyingi za jengo hilo, amekunywa chai nyingi zinazoteleza, na kila alikoketi amezungumzia nyumba ya mbele. Anachotaka ni kiwanja cha nyumba anayokaa Inayat, na shahidi wa kuapa kwamba ubaya ulitoka ng'ambo, ili siku ile itakapofika, midomo yote iwe imeshazoea kusema hivyo. Hiyo lifti aliyokuahidi haitapanda. Hakuna fundi atakayekubali kuiwasha. Lifti inahitaji shimo lililonyooka.

Basi nakujibu. Jumapili usiende naye. Nenda leo, bila yeye, na usiende peke yako. Ukiwa unashuka gonga kila mlango, kila ghorofa, useme sentensi moja tu: kikapu chetu kinatua barabarani, toka. Wataelewa, kila mmoja ana nyanya zake. Watakaokuita mwenda wazimu waache nyuma ya mlango uendelee na wengine, huna muda wa mjadala. Ami Bishara afunge duka. Kisha vuka, mtoe Inayat, kwa maana jengo lenu likija litakuja juu yake, na itakuwa zawadi kubwa mno kwa Hajj kupata kiwanja kwa njia hiyo. Halafu nendeni ofisi ya mtaa nyote kwa pamoja, na mabibi na watoto, mketi sakafuni, mseme mnataka mhandisi sasa hivi, si Jumapili. Wakiwaambia mwandike maombi, msiandike. Ketini. Nami nitakuja kuketi nanyi, nijulisheni tu ni ofisi gani.

Hapo ndipo penye shida yangu, na wasomaji wanisamehe, leo safu hii nimeiombea ukurasa wa kwanza. Hukutaja mtaa. Kwenye bahasha hakuna anwani, muhuri wa posta umefutika. Tumepiga simu kwa kila tuliyemjua Iskandaria tukiuliza jengo refu jipya, mbele yake nyumba ya Wataliano, chini duka la mzee aitwaye Bishara. Tumeletewa majina ya mitaa mingi kuliko tulivyoweza kuvumilia kusikia, na katika kila mtaa kuna mtu aliyesema, ndiyo, lipo jengo kama hilo, lakini si letu, letu ni zima, ni lile la mbele.

Kwa hiyo sijui namwandikia nani. Nawaandikia wote. Wewe uliyeshika gazeti hili sebuleni, unayemsikitikia mama wa mapacha na kumshukuru Mungu kwamba si wewe: yeye pia alimsikitikia mtu mwingine. Weka gazeti chini. Waite waliomo ndani, shukeni, mwende mpaka mwisho wa barabara, mgeuke, muitazame nyumba yenu kuanzia chini mpaka juu.