Kibofu Kitupu

Jumatatu, 3 Machi

Wagonjwa tele, jeli ya ultrasaundi imeisha kabla ya saa sita. Jioni nimemkuta mama mkwe sebuleni, amekaa ukingoni mwa kiti. Katoka kwao ufuoni. Achieng', mke wangu, kanivuta jikoni: mama anakojoa damu, miezi sasa. Kijijini wanasema ni kichocho, keshameza vidonge mara mbili. Maumivu hana. Hapo ndipo nilipoogopa. Damu isiyouma siipendi.

Jumanne, 4 Machi

Mpiga ultrasaundi ni mimi, lakini kumpima siwezi. Mkwe aone tumbo la mama mkwe? Mungu apishe mbali. Nikampeleka kwa Mariamu, mwenzangu wa chumba cha pili. Jibu: safi. Mama anataka kurudi kwao kesho kutwa. Kila mtu kafurahi isipokuwa mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua picha zake. Kibofu kitupu, kimekunjamana. Hapo huoni kitu. Nikamkasirikia Mariamu, kisha nikauliza nyumbani: si aliambiwa anywe maji? Aliambiwa. Mama kamjibu Achieng': "Nikunywe maji kwa nyumba ya mkwe? Mimi ni mtu gani?" Hata chai yetu hajagusa tangu aje. Mila hizi zitatuzika!

Alhamisi, 6 Machi

Achieng' kampeleka soko la Kibuye, kwenye kibanda cha dada yake anayeuza mitumba. Huko si nyumbani kwa mkwe, kanywa maji mpaka kalalamika. Wakaja moja kwa moja kwa Mariamu. Kibofu kimejaa, na ukutani kumeota kitu kama uyoga. Kageuzwa ubavu, hakikusogea. Si bonge la damu basi.

Jumatatu, 10 Machi

Figo zilipimwa, ziko sawa. Leo CT, na dawa ya mshipani ili uvimbe uonekane vizuri. Nilikaa kwenye kompyuta, nikaangalia kila picha. Kuna mila inayokataza kuona kibofu cha mama mkwe? Sijui, na siulizi. Nje ya ukuta wa kibofu sikuona kitu. Tezi sawa, ini sawa. Daktari anasema inaelekea ni saratani, ila haionekani kusambaa. Waingize kamera, wakate kipande, wathibitishe.

Jumanne, 11 Machi

Mama amekataa kukatwa. Siku nzima amekataa. Jioni kamtuma Achieng' aniulize: aliyeona ni daktari peke yake, au hata mkwe ameona? Nikajibu kwa sauti, anisikie kule chumbani. Nimeona mwenyewe.

Mama kajibu kutoka chumbani:

"Kama ni yeye ameona, waambie nitaenda."

Analazwa Alhamisi. Achieng' anampangia nguo.