Utomvu wa Mgomba Kwenye Klachi ya Ma Kokushubira

Muleba, Kagera

Mama Sifuni, mke wangu,

Hujambo na baridi ya Singida? Mimi ni mzima, ila kucha ni nyeusi na mgongo unalalamika kama wa mzee. Mbuzi wamepona kikohozi? Mama yangu bado anakugombeza kwa sababu ya chumvi? Mvumilie, ni umri. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu ukiweka simu spika boma zima linasikiliza, na habari hii ina aibu yangu ndani. Konda wa basi ameniahidi kuiacha barua hii stendi.

Ta Kaijage, mwenye gereji, nilikwisha kukutajia (huku mwanamume wa heshima huitwa Ta, mwanamke huitwa Ma). Aliniambia hivi: nikifunga klachi peke yangu, yeye asiguse hata spana, na gari likapanda mlima na mzigo wake, basi mimi ni fundi wake wa kudumu na chumba cha nyuma ya gereji ni changu. Chumba maana yake ni wewe na mtoto. Mwaka unakaribia kuisha nalala kwenye kochi la wateja. Imetosha jamani!

Gari likaja. Ni la Ma Kokushubira, mjane wa Kishanda, anayebeba kahawa na ndizi kupeleka Bukoba na kuendesha mwenyewe. Ni la dizeli, la kuvuta magurudumu yote manne, lakini mlimani injini ilikuwa inanguruma na gari halisogei, harufu ya kuungua mpaka unakohoa. Nikashusha giaboksi. Klachi imelika mpaka ribiti, pini za chuma zinazoishikilia, zinaonekana, na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi hulishika, limepasukapasuka. Nikasema vyote vibadilishwe. Nikaenda Bukoba kwa Bwana Hamdani, mzee muuza spea, akanipa vipya na kunifungia kipande cha halua kwenye gazeti.

Sasa sikia ujinga wangu. Jeki ya giaboksi hatuna. Mafundi wa huku hukata mgomba, wakalaza kipande chini ya giaboksi; ni laini na unateleza, chuma kinasogea bila kukuvunja vidole. Nikakata mgomba mbichi, najiona Mhaya kamili. Ma Kokushubira alikuwa amekaa pembeni anatafuna buni zake. Akasema kwa lile neno lao la heshima, "Waitu fundi, nawa mikono kwanza. Utomvu huo ukikauka hautoki."

"Ma, wewe endesha, mimi nitengeneze," nikamjibu. Unanijua mdomo wangu. Nikajifuta kwenye suruali, nikaishika klachi mpya pande zote mbili, nikafunga.

Jioni nilipolijaribu nje ya gereji, gari likaondoka kwa kurukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Asubuhi gia ikakataa kabisa kuingia. Klachi imegandana na flaiwili. Ta Kaijage akawaka, si kwangu, kwa Hamdani. "Ametuuzia feki huyu! Nakwenda Bukoba sasa hivi, na kila gereji ya Muleba itajua." Akanigeukia. "Au siyo, fundi?"

Mke wangu, ilitakiwa ndiyo moja tu. Chumba nilikiona, na wewe umo ndani unatandika kitanda. Halafu nikamwona mzee Hamdani wa watu anakunja gazeti la halua. Ma Kokushubira alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ta, spea ni nzima. Ni mikono yangu, ina utomvu. Ma aliniambia ninawe, nikakataa."

Ta Kaijage akaingia ofisini, akafunga mlango. Nikajua nimekukosa tena mwaka mzima, na iliniuma kweli. Nikashusha giaboksi upya, safari hii juu ya magunia ya maranda. Klachi nikaisugua kwa msasa, flaiwili nikaifuta kwa petroli, na mikono nikainawa kwa mafuta ya taa mpaka ikachubuka. Kazi ikala siku mbili.

Jana Ma Kokushubira akapakia kahawa na mikungu ya ndizi, akanikalisha kando yake. Katikati ya mlima akasimama makusudi, akavuta breki ya mkono. "Mawe!" akasema, ndiyo "mama wee" ya Kihaya. "Sasa tuone." Akaachia klachi polepole. Gari likashika, likapanda bila hata kutetemeka. Nililia, na sioni haya kukuambia. Yeye alicheka mpaka akakohoa. "Fundi wa Singida, ndizi ulikuwa unazijua za kula tu!"

Tuliporudi Ta Kaijage alikagua chini ya gari, akatoka anajipangusa magoti. "Ningemtukana Hamdani wa watu bure," akasema. Akatia mkono mfukoni, akanirushia ufunguo.

Msalimie mama, mwambie chumvi ya huku haina tofauti. Msalimie kaka yangu mchunga ng'ombe, na jirani yetu anayetuazima plau, na mwalimu wa Sifuni, umwombe karatasi ya uhamisho. Mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Chumba kina dirisha moja na mlango unaofungwa. Nimekifagia mara mbili. Basi hufika hapa jioni, lakini mimi nitakuwa stendi tangu mchana.

Njoo.

Mumeo,
Baba Sifuni